Siku tano za theluji zimesogeza siku ya kufunga shule, na tikiti za kwenda Voi nimeshakata

MamaMkamburi aliuliza:

Hamjambo wenzangu. Nawaandikia kutoka mji mdogo kaskazini mwa Boston, si mbali na Lowell, ambako Wakenya tumejaa mpaka unga wa ugali si wa kutafuta. Kuna jambo linaninyima usingizi, nikaona niwaulize wazazi ambao wamewahi kulipitia.

Mdogo wangu wa mwisho anaolewa Voi, Jumamosi tarehe 27 Juni. Mama yetu alishatangulia, na mimi ndiye dada mkubwa, kwa hiyo yale yote ambayo mama angeyafanya siku hiyo yananingoja mimi. Mwezi wa Novemba nilikata tikiti tatu, yangu na za watoto wawili, tuondoke Boston jioni ya Jumatano tarehe 17 Juni. Kalenda ya shule imebandikwa kwenye mlango wa friji na inasema shule inafungwa Jumanne tarehe 16. Nilipiga hesabu kwamba tutapata siku moja ya kufunga masanduku, tufike Nairobi, tulale kwa shangazi yao South B, kisha tupande treni ya SGR hadi Voi, na bado nibaki na wiki nzima ya maandalizi.

Sasa theluji. Januari na Februari shule zetu zimefungwa siku tano. Kila mara simu inalia saa kumi na moja alfajiri, sauti ya kurekodiwa inasema leo hakuna shule, nami saa moja natakiwa niwe kwa mzee ninayemhudumia. Wiki iliyopita barua imekuja: siku ya kufunga sasa ni Jumatano tarehe 24 Juni. Ukitoa tarehe 19, ambayo ni sikukuu, watoto wangu watakosa siku nne.

Mkubwa yuko gredi ya nane. Mwisho wa mwaka kuna sherehe ya kuwaaga waende sekondari ya juu. Unaitwa jina lako, unapanda jukwaani, mwalimu mkuu anakupa mkono. Ameizungumzia tangu Krismasi. Mdogo yuko gredi ya tatu, ana miaka miwili tu hapa na Kiingereza bado anakipigania. Kubadilisha tikiti nimeambiwa ni dola 250 kwa kila moja, juu yake tofauti ya nauli, na nauli za mwisho wa Juni zimeruka. Hizo ni pesa za kodi ya nyumba.

Nauliza mambo mawili. Shule inaweza kunichukulia hatua gani nikiwatoa mapema? Na hizo siku za nyongeza zina masomo kweli, au watoto wanakalishwa tu ili hesabu itimie? Baba yangu alikuwa mwalimu. Nyumbani kwetu ulikosa shule ukiwa na homa, na homa yenyewe aliipima kwa mkono wake. Sitaki mwanangu aone kwamba shule ni kitu cha kuachwa njiani.

---

BabaPendo:

Dada, nenda harusini. Siku nne za mwisho wa Juni hakuna mwalimu atakayezikumbuka, lakini mdogo wako atakukumbuka maisha yake yote. Mimi niliwatoa wangu siku tatu kabla ya kufunga tukaenda Kisumu kwa mazishi, na Septemba walipokelewa kama kawaida. Ongea tu na ofisi mapema.

---

ZainaWaKorogwe:

Mama Mkamburi, pole kwa mawazo. Mimi ni Mtanga, nilifundisha shule ya msingi Korogwe kabla ya kuja huku, na sasa ni mwalimu msaidizi katika shule moja ya Worcester. Niwieni radhi kwa urefu, jambo hili naliishi kila mwaka.

Nianze na sheria, maana wazazi wengi hawaelezwi. Jimbo la Massachusetts linataka kila shule ya umma ifundishe siku 180 kwa mwaka. Zaidi ya hapo kuna hesabu ya saa: 900 kwa shule za msingi, 990 kwa sekondari. Ndiyo maana kamati ya shule haina uwezo wa kusema baridi ilikuwa kali, tuwasamehe watoto. Tena kila wilaya inatakiwa kupanga siku 185 kwenye kalenda yake, zile tano za juu zikiwa akiba ya dharura. Irudie hiyo kalenda ya frijini. Pembeni au chini kabisa, kwa maandishi madogo, huwa kuna tarehe mbili, ya siku ya 180 na ya siku ya 185. Hiyo 24 Juni naamini imeandikwa humo tangu mwaka jana. Siwalaumu wazazi hata kidogo. Tarehe ya kwanza inaandikwa kwa herufi nene na ya pili inafichwa, na ofisi zetu zingeweza kuitangaza Septemba kwa lugha ambazo familia zinazisoma. Yeyote anayepita hapa na ana mtoto shuleni Massachusetts, tikiti akate kwa kutazama siku ya 185.

Theluji ikishazidi hizo siku tano, mkuu wa shule za mji huanza kutafuta pengine. Atachukua kutoka likizo ya Aprili, au Jumamosi, au atamwandikia Kamishna wa Elimu wa jimbo kuomba apunguziwe. Kuvuka 30 Juni ni kugumu, kwa sababu mwaka wa fedha wa miji yetu unaishia siku hiyo. Na siku ambayo shule inachelewa kufunguliwa kwa saa mbili inahesabiwa siku nzima. Kwa hiyo utaona asubuhi nyingine theluji inaanguka na bado wanakazana kufungua saa nne badala ya kufunga kabisa.

Mwaka 2015 nilikuwa hapa. Tarehe 26 na 27 Januari dhoruba moja ilimwaga Worcester inchi 34.5, karibu sentimita 88, rekodi ya mji. Halafu zikaja nyingine, moja nyuma ya nyingine, hadi katikati ya Februari. Boston ilimaliza msimu ule na inchi 110.6, yaani mita mbili na sentimita themanini, kiasi ambacho hakijawahi kupimwa pale. Treni za mjini Boston zilisimamishwa. Theluji ilikosa pa kutupwa, ikarundikwa kando ya barabara mpaka zikawa kuta zinazompita mtu mzima urefu. Watu wa nyumbani wakiona picha huniuliza kwa nini shule zinafungwa hata siku ambayo jua limetoka. Sababu ni kwamba barabara inakwanguliwa leo lakini njia ya miguu inabaki imezikwa siku tatu, na mtoto wa miaka saba anatembea katikati ya magari akiwa na begi mgongoni. Na madereva hawamwoni kwenye kona, kwa sababu rundo limemficha. Nimesimama kwenye kona hizo, na sijawahi kumlaumu mkuu yeyote kwa kufunga.

Kinachoniuma ni namna ya kufidia. Juni ya mwaka ule tuliingia mpaka siku za mwisho za mwezi. Darasa letu lilikuwa ghorofa ya tatu, jengo la zamani, halina kiyoyozi, madirisha yanafunguka nusu. Vitabu vilikuwa vimekusanywa, picha za watoto zimebanduliwa ukutani, alama za ripoti zimeshaingizwa kwa sababu ofisi ina tarehe yake. Mwalimu ninayemsaidia ni mchapakazi, alijaribu kuwasomea hadithi, akajaribu michezo ya hesabu, lakini watoto wamelala juu ya madawati kwa joto. Hiyo ndiyo ilihesabiwa kuwa fidia ya siku za Januari.

Siku zilizopotea Januari zilikuwa siku za sehemu. Namaanisha hesabu za sehemu, nusu na robo na theluthi, ambazo gredi ya tatu huanza kuzisoma kwa kina. Mtihani wa jimbo, MCAS, unafanywa kati ya Machi na Mei. Mitihani ya AP, ile ya masomo ya kiwango cha chuo kwa wale wa sekondari, inafanywa Mei, na tarehe zake ni za nchi nzima; hazijui Massachusetts ilipata theluji kiasi gani. Mtoto aliyekosa somo Januari anaingia kwenye mtihani bila hilo somo, kisha Juni anarudishiwa siku tupu. Mimi naona siku zirudishwe pale pale karibu na zilipopotea. Zichukuliwe siku mbili za likizo ya Februari au Aprili. Najua wazazi wengi hapa wanasema likizo ya Aprili haiguswi, wengine wameshalipia safari, na Jumatatu ya Patriots' Day ni siku ya Marathoni ya Boston, nusu ya mji iko barabarani. Iacheni Jumatatu hiyo. Zinabaki nne.

Na wanaoumia zaidi ni watoto kama huyo wako wa gredi ya tatu. Mwalimu wake wa Kiingereza humtoa darasani kwa siku maalumu za wiki. Theluji ikiangukia siku hizo, kile kipindi hakirudishwi mahali popote, hata Juni, kwa sababu Juni mwalimu huyo yuko kwenye kupima na kujaza fomu. Mtoto akikaa nyumbani siku tatu mfululizo bila kusikia Kiingereza namwona anavyorudi. Sentensi alizokuwa anathubutu kuzisema Ijumaa hazisemi tena. Usiogope kumwomba mwalimu huyo vipindi vya ziada sasa hivi, Machi hii. Omba kwa maandishi.

Kuhusu hatua dhidi yako. Hapa mtoto wa miaka 6 hadi 16 lazima asome, na sheria ya utoro inaanza kumgusa akikosa bila ruhusa siku saba nzima, au nusu siku kumi na nne, ndani ya miezi sita. Siku nne peke yake hazifiki huko, ila jumlisha na nyingine alizokosa tangu Januari. Safari ya familia shule nyingi hazikubali kuwa ni ruhusa, zitaandika kwamba hakuwepo tu. Kuna hesabu nyingine pia. Mtoto anayekosa asilimia kumi ya mwaka, yaani siku 18 katika 180, anaingia kwenye orodha ambayo jimbo huitumia kuipima shule yenyewe. Mwalimu mkuu akikunja uso, ujue anaiwaza orodha hiyo. Ukimwonyesha kwamba watoto wako wako mbali nayo, mazungumzo yatakuwa mepesi.

Fanya haya sasa, usingoje Juni. Andika barua. Uliza sherehe ya gredi ya nane iko tarehe gani, maana wakati mwingine ukumbi na viti vilishakodishwa na tarehe ya zamani inabaki ile ile. Omba ripoti na kazi za likizo mapema, na urudishe kompyuta ya shule na vitabu vya maktaba kabla hamjaondoka, la sivyo utapata bili ukiwa Voi.

---

Mulenda_Dayton:

Bandugu, salamu kutoka Dayton, Ohio. Mimi ni wa Uvira, nimepita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, watoto wangu wawili walianzia masomo kule kambini. Nimesoma maneno ya Mwalimu Zaina na ninamheshimu, lakini naomba niseme upande mwingine.

Ninyi mnalalamika juu ya siku za Juni. Sisi huku hatuzipati kabisa. Ohio tangu mwaka wa masomo wa 2014-15 haihesabu siku, inahesabu saa. Ni saa 910 kwa watoto wa chekechea ya kutwa mpaka gredi ya sita, na 1,001 kwa gredi ya saba hadi ya kumi na mbili. Shule nyingi zinapanga saa nyingi kuliko hizo, basi theluji ikifunga siku nne au tano, zile saa za ziada zinaimeza na hakuna anayekudai. Kwenye karatasi mambo ni sawa. Zamani kulikuwa na hesabu ya siku tano za balaa kwa mwaka, na baridi ya 2013-14 ilipokuwa mbaya sana jimbo liliongeza nne kwa mwaka ule tu. Sasa hata mjadala haupo. Siku ikienda imeenda.

Mzazi aliyesoma, mwenye Kiingereza, siku ya theluji anamketisha mtoto mezani na kumfundisha yeye mwenyewe. Mimi natoka kazini alfajiri, mke wangu anaingia asubuhi, na hesabu za gredi ya sita kwa Kiingereza zinatushinda wote wawili. Kwa watoto wangu mwalimu ni yule mmoja wa shule. Nyarugusu mvua ilipopiga mabati mwalimu alinyamaza mpaka ipite, kisha akaendelea pale alipokuwa ameachia, hata ikiwa jioni. Ningependa hivyo hivyo. Hata Juni, hata kwa joto, ningewapeleka.

Wengine watasema wasomee nyumbani kwa kompyuta. Shemeji yangu yuko Louisville, Kentucky, ambako sheria inaruhusu wilaya mpaka siku 10 za namna hiyo kwa mwaka. Ana watoto wanne, na chumba chenye intaneti nzuri ni kimoja. Anasema mkubwa anasoma, wadogo wanatazama. Na mnakumbuka New York, tarehe 13 Februari 2024, mji wote ulipopelekwa mtandaoni kwa sababu ya theluji: asubuhi ile wengi walishindwa hata kuingia.

Mama Mkamburi, kwa harusi sina la kukukataza. Lakini usiseme siku hizo ni bure. Kwangu zingekuwa zawadi.

---

BiMaryamu_Maine:

Assalaam alaykum wanangu. Mimi mzaliwa wa Chake Chake, niko Maine, mji mmoja karibu na Portland, nafanya kazi jikoni kwenye shule ya msingi. Huku kwetu pia sheria ni siku 180, na katika hizo zisizopungua 175 ziwe za kufundisha.

Nimeona mmezungumza kuhusu walimu na watoto, nami nataka muwajue watu wa jikoni, wasaidizi wa kwenye mabasi na baadhi ya wasaidizi wa darasani. Mwalimu ana mkataba wa mwaka, theluji ianguke isianguke mshahara wake uko pale pale. Sisi tunalipwa kwa saa. Simu ya alfajiri ikilia, siku hiyo sina kitu. Wiki yenye dhoruba mbili nimerudi na mshahara wa siku tatu, na mafuta ya kupashia nyumba joto ndiyo yanahitajika zaidi wiki hiyo hiyo. Siku za Juni ndizo zinazonirudishia. Minnesota baada ya baridi ile ya mwanzo wa 2019 walitunga sheria ili wafanyakazi wa saa wasipoteze malipo yao kwa siku zilizosamehewa. Wakitaka kuzifuta siku za Juni, waanze na hilo. Mwalimu Zaina, ukienda kwenye mikutano ya kamati yenu tafadhali lisemee.

Na kuna chakula. Huku Maine chakula cha shule ni bure kwa kila mtoto, na kwenu Massachusetts ni hivyo kwa sheria ya kudumu tangu 2023. Ijumaa tukisikia dhoruba inakuja, kuna watoto wanaoniomba tufaha la pili au mkate waweke kwenye begi. Siwaulizi kitu, nawapa. Siku ya theluji kwa watoto hao si mchezo wa kuteleza. Na siku moja zaidi ya Juni ni asubuhi na mchana wa kula.

Binti yangu Mama Mkamburi, kamwoze mdogo wako. Mwenyezi Mungu akufikishe salama.

---

MwalimuWaNakuru:

Nawasoma kutoka Nakuru, na nimeguswa kwa sababu sisi tumeijaribu fidia kwa ukubwa ambao natumaini hautarudi. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa korona, wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi Oktoba, wengine wote Januari 2021. KCPE ya 2020, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ikafanywa Machi 2021. Baada ya hapo kalenda ikabanwa, mihula ikafupishwa na likizo zikawa za siku chache, hadi Januari 2023 mwaka wa masomo uliporudi kuanza mahali pake.

Hatukuongeza siku mwishoni, tulizikamua kutoka kwenye mapumziko, kama anavyopendekeza Mwalimu Zaina. Silabasi ilikamilika. Lakini niliwaona watoto wa bweni wakichoka kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea darasani. Mwishoni mwa 2021 mabweni yalichomwa katika shule nyingi, na serikali ikalazimika kutoa mapumziko ya Novemba ambayo hayakuwa kwenye ratiba. Sisemi uchovu ndio uliowasha moto peke yake. Nasema nilikuwa darasani, na nilijua hawapumui. Siku mbili za Aprili hazifanani na yale yetu, nalikubali hilo. Ila likizo ya mtoto nayo ina kazi yake, msiichukulie kuwa ghala la kuchota siku kila mnapopungukiwa.

Mafuriko ya 2024 tulifanya tofauti. Muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe 29 Aprili, ukasogezwa, ukasogezwa tena, ukafunguliwa 13 Mei. Wiki mbili zilienda, na kila shule ikajipanga jinsi ya kuzifidia. Nilifanya kile anachosema ndugu wa Dayton, nikaanzia pale nilipoachia, na mada moja ya mwisho nikaiacha kwa makusudi ili zile za msingi zikae vizuri. Ningechagua hivyo tena.

---

MamaMkamburi:

Asanteni sana, nimewasoma wote, wengine mara mbili. Mwalimu Zaina, tarehe ya siku ya 185 iko pale pale, chini ya nembo ya shule. Bi Maryamu, sikuwa nimewahi kumuwaza anayempa mwanangu chakula kwamba siku ile naye hana malipo. Nashukuru kwa kuniambia.

Nimekwenda ofisini jana. Sherehe ya gredi ya nane imesogezwa, itakuwa Jumanne tarehe 23 jioni. Mwanangu aliposikia alinyamaza, na mtoto huyu hanyamazi. Kwa hiyo tumekaa, tukaamua hivi: mimi na mdogo wake tunaondoka tarehe 17 kama ilivyo. Yeye anabaki kwa rafiki yangu wa kanisani hapa hapa, anamaliza shule yote, anapanda jukwaani, na jioni ya tarehe 24 anasafiri na familia moja ya Lowell inayokwenda Nairobi siku hiyo hiyo. Anafika usiku wa 25, tarehe 26 yuko kwenye treni, 27 yuko harusini na suti yake. Nabadilisha tikiti moja badala ya tatu. Rafiki yangu atakaa kwenye kiti changu na atapiga picha.

Kwa yule mdogo nimemwandikia mwalimu wake wa Kiingereza kama mlivyosema. Amejibu siku hiyo hiyo, anampa nusu saa kila Jumanne na Alhamisi kabla ya kengele, kuanzia wiki ijayo hadi mwisho wa Mei. Ndugu wa Dayton, nilikuwa na maneno yako kichwani nilipokuwa naandika barua ile.

Kuna mtu amewahi kumsafirisha mtoto wa miaka 14 na watu wasio wazazi wake? Nitahitaji karatasi gani?

---

ZainaWaKorogwe:

Hapo umepanga vizuri sana dada. Andika barua ya idhini: jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, majina na pasipoti za wanaosafiri naye, tarehe na namba za ndege, na nani anampokea Nairobi na simu yake. Saini mbele ya notari, yule afisa anayethibitisha saini. Benki nyingi huwa na mmoja na mara nyingi hawatozi wateja wao. Kama baba yake yupo na ana haki juu ya mtoto, naye asaini. Ambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ikiwa anasafiri na pasipoti ya Marekani, kibali chake cha kielektroniki cha kuingia Kenya kiombwe mapema, usiwaachie wenyeji wake dakika za mwisho. Pigia shirika la ndege uwaambie yuko chini ya uangalizi wa nani, kwa sababu wana umri wao tofauti tofauti wa kumkubali mtoto bila mzazi.

Na barua nyingine umwachie rafiki yako: anayeruhusiwa kumchukua shuleni, na ruhusa ya kumpeleka hospitali kwa wiki hiyo moja. Shule itaiomba siku ya kwanza tu ukishaondoka. Ipeleke wewe mwenyewe ofisini kabla ya tarehe 17, na uone wakiiingiza kwenye faili lake.